NASABA YA MAMA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Tumetakiwa na Kamati tuseme machache juu ya jambo ambalo kila unapokaribia uchaguzi hutolewa kabatini likapanguswa vumbi, na uchaguzi ukisha hurudishwa lilikotoka. Jambo lenyewe ni hili: nani katika visiwa hivi ni Mwafrika, nani siye, na huo weusi ni kitu gani hasa. Hatukupewa mzigo mwepesi. Sisi si wanachuoni wala si maprofesa. Tulisoma chuoni juzuu kwa juzuu, kisha tukakaa nyuma ya mizani ya duka, na elimu iliyobaki tumeiokota katika vitabu vya kuazima. Lakini mtu wa duka ana faida moja, nayo ni kwamba hupita mbele yake watu wa kila jina, na wote hununua sukari ile ile.

Katika nyumba nyingi za visiwa hivi, na hasa za mjini, kuna karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha au baina ya kurasa za kitabu kikongwe, imeandikwa fulani bin fulani bin fulani, mpaka ikafika Shiraz, au Hadhramaut, au Oman. Twaiheshimu karatasi hiyo. Si uongo mtupu kama wanavyosema wengine kwa pupa. Walakini isomeni tena kwa makini, muyahisabu majina yaliyomo: hamtamkuta hata mwanamke mmoja. Vizazi ishirini vya wanaume waliozaana wenyewe kwa wenyewe! Nabii Isa alizaliwa bila ya baba, nasi twaamini. Lakini wa kuzaliwa bila ya mama hatukumsikia baada ya Adam na Hawa.

Basi ikiwa karatasi imenyamaza, mifupa imesema. Mwezi wa Machi 2023 jarida la elimu la Uingereza liitwalo Nature lilitoa kazi ya wataalamu waliochunguza mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, walio wengi wao katika miji ya pwani yetu ya Afrika ya Mashariki: Mtwapa, Manda na Faza upande wa kaskazini; Kilwa, Songo Mnara na Lindi upande wa kusini. Wengi miongoni mwa hao hawakuwa watu wanyonge. Walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya mawe, makaburi ya wenye mali na cheo. Na mifupa yao ilitazamwa kwa kile wataalamu wakiitacho vinasaba, yaani ile alama ya urithi iliyomo mwilini ambayo mtu haichagui wala hawezi kuibadilisha kwa kujiandikisha.

Yatupasa tueleze kidogo namna ya hisabu hiyo, kwani humo ndimo mlimo siri. Kipo kitu mwilini ambacho kila mtoto, awe mume au mke, hukirithi kwa mama yake peke yake, na mama yake kwa bibi yake, na hivyo hivyo kwenda juu. Na kipo kitu kingine ambacho mtoto wa kiume hukirithi kwa baba yake peke yake. Kwa hivyo mfupa mmoja unaweza kutoa habari mbili mbali mbali. Na habari ilikuwa hii: upande wa kina mama karibu wote walikuwa watu wa Afrika, upande wa kina baba wengi walikuwa wametoka Asia, na sehemu kubwa ya hao Waasia walikuwa Wafursi. Kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000 wa Kizungu, yaani miaka elfu moja na zaidi imepita. Ukichukua urithi wote pamoja, wengi wao zaidi ya nusu ni Uafrika, na Uafrika huo kwa jumla umetoka kwa mama.

Mwaona, basi, kwamba wale wazee waliosimulia habari ya majahazi ya Shiraz hawakutunga. Na wale waliowacheka wazee hao wakisema kwamba Ushirazi ni ndoto, wamenyamazishwa na mifupa. Lakini vile vile amenyamazishwa yule aliyeishika Shiraz kwa mikono miwili akasema kwamba yeye na Mwafrika hawana udugu. Wote wawili walisema nusu ya maneno. Mifupa ya Unguja na Pemba haikuwamo katika kazi hiyo ya 2023, na mwenye kupenda kubisha aweza kuushika mlango huo. Sisi twamwambia aisikilize lugha yake mwenyewe kabla ya kubisha. Maneno ya Kiarabu tunayo tele, ya Kifursi na ya Kihindi na ya Kireno tunayo. Lakini hiyo ki- na vi-, m- na wa-, kule kukubaliana kwa maneno kutoka mwanzo wa sentensi mpaka mwisho wake, huo ni Ubantu halisi, ndugu ya Kizaramo na Kinyamwezi na Kizulu. Baharia alileta majina ya bidhaa, na mwalimu akaleta majina ya ibada. Aliyemfundisha mtoto kusema ni mama, naye alimfundisha lugha ya kwao.

Tuingie sasa katika jambo la pili, ambalo kwetu sisi ndilo la ajabu kupita yote. Mwaka 1924 kulifanyika katika visiwa hivi hisabu ya watu, na kila mmoja aliulizwa kabila lake. Na mwaka huo huo wa 1924, ng'ambo ya bahari, jimbo la Virginia katika Marekani lilitunga sheria ya kuhifadhi, walivyodai wao, usafi wa mtu mweupe. Sheria hiyo ilisema kwamba mwenye damu yo yote ya mtu mweusi, hata tone, hawezi kuhisabiwa mweupe wala kuoana na mweupe. Ikakaa hivyo mpaka mwaka 1967, mahakama kuu ya nchi ilipoibatilisha marufuku ya ndoa. Na kabla yake, mwaka 1892, huko Louisiana, bwana mmoja jina lake Homer Plessy alikamatwa kwa kukaa katika behewa la weupe. Kwa kumtazama usingemjua kuwa ni mweusi. Katika mababu na mabibi zake wanane, mmoja tu ndiye aliyekuwa wa asili ya Afrika. Mahakama kuu mwaka 1896 ikamhukumu kwamba behewa lake ni lile jingine.

Sasa fikirini. Mchukueni huyo Plessy mumlete Unguja ya mwaka 1924. Babu mmoja wa mbali upande wa kiume akiwa ametoka ng'ambo, angeandikwa kwa babu huyo, na mabibi zake wote weusi wasingeulizwa majina. Mchukueni muungwana wetu wa Mji Mkongwe, mwenye karatasi yake ya vizazi ishirini, mmpeleke Virginia: bibi mmoja tu wa Kinyasa angetosha kumtoa katika behewa la mbele. Damu ni ile ile, bahari tu imevukwa. Kule tone la Afrika lilimzamisha mtu, na huku tone la Asia lilimnyanyua. Mizani mbili zimegeuziana mgongo, lakini mwenye duka ni mmoja, naye ni yule aliyekwisha kuamua tangu kabla ya kupima kwamba Uafrika ndio ulio chini. Nasi watu wa biashara twazijua mizani za namna hiyo.

Na hisabu hizo za watu zilikuwa na mambo. Mwaka 1924 walioandikwa Waswahili walipindukia watu elfu thalathini. Mwaka 1931, miaka saba tu baadaye, Waswahili waliobaki walikuwa kiasi cha elfu mbili! Hapakuwa na tauni wala hawakuhama. Jina la Mswahili lilikuwa limekwisha kutiwa harufu ya utumwa, na utumwa ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1897 tu, wazee waliozaliwa chini yake wangali hai. Basi watu walilivua jina hilo kama mtu avuavyo kanzu iliyomwagikiwa, wakavaa jingine. Na walikuwa na haki ya kufanya hivyo, msiwacheke. Vilipokuja vita vya pili vya dunia chakula kikagawanywa kwa kabila, na mgao wa mchele haukuwa sawa kwa aliyeandikwa Mwafrika na aliyeandikwa mtu wa Asia. Serikali ikisema kwamba kabila lako ndilo litakalopika chunguni mwako, nani asiyetafuta kabila lenye mchele?

Katika mambo hayo ndimo zilimozaliwa jumuiya zetu. Jumuiya ya Waafrika mwaka 1934, ya Washirazi baada yake, na mwezi wa Februari 1957 zikaungana. Hazikudumu bila ya ufa. Kabla ya 1959 kwisha, kundi la Washirazi wa Pemba lilikuwa limekwisha kujitenga. Habari hizo mnazijua, na wengi wenu wazee wenu walikuwamo, kila mmoja upande wake, kwa hivyo hatutazirefusha.

Twataka tukae zaidi juu ya mama, kwani humu visiwani neno hili ni zito na lina maumivu. Wale mama wa zamani za Kilwa na Manda, yumkini waliolewa kwa heshima na watu wao, mgeni akaja akakaa ukweni. Na mali na mji vikapita mikononi mwao. Lakini mama wa karne ya kumi na tisa, wengi wao hawakuja hivyo. Waliletwa. Walitoka Nyasa na Manyema na Uhabeshi, wakauzwa sokoni Mkunazini, na aliyenunuliwa akawa suria alizaa mtoto huru mwenye jina la baba na haki ya baba katika mirathi, naye mwenyewe akabaki bila ya jina katika karatasi. Seyyid Barghash alikuwa mtoto wa mama wa Kihabeshi. Na Barghash huyo ndiye aliyetia saini mwezi wa Juni 1873, hali ya kuwa manowari za Waingereza zinamtazama, mkataba wa kulifunga soko lile lile. Twajiuliza kama siku hiyo alimkumbuka mama yake. Lakini moyo wa mtu ni siri yake.

Kwa hivyo akitokea mtu, na wamekwisha kutokea, akasema: maadamu sote tuna mama wa Kiafrika basi hapakuwa na dhulma, tusahau ya zamani, huyo tunamkatalia. Udugu wa damu si risiti ya deni lililolipwa. Kuna waliozaliwa nao humo humo wakawamiliki ndugu zao wa baba mmoja na wa kabila moja la mama. Kulikumbuka jambo hili si kutaka kisasi, ni kumpa mama yule jina lake.

Na kama kuna mwanachama anayeona kwamba dini yetu imewasahau kina mama weusi, basi chuo alichosoma hakikumfikisha mbali. Mama yake Nabii Ismail, ambaye Waarabu wa kaskazini hujinasibisha kwake kwa fahari, ni Bi Hajar, mwanamke wa Misri. Na Misri iko bara gani? Mtu akenda Hija akakimbia baina ya Safa na Marwa, anafuata nyayo za mama aliyetoka katika bara letu. Mwenye utenzi na upanga, Antara bin Shaddad, mama yake alikuwa Mhabeshi, na baba yake hakumkubali mpaka alipomwona vitani. Na sahaba Abu Dharr alipomtolea mtu maneno kwa sababu ya mama yake, na wapokezi wengine husema mtu huyo alikuwa ni Bilal na maneno yalikuwa juu ya weusi wa mama, Mtume, sala na amani zimshukie, alimkemea kwamba yangalimo ndani yake mambo ya ujahili. Tazameni kwamba tusi lilipita kwa mama. Watu hawakuona haya kwa baba mweusi kama walivyoona haya kwa mama mweusi, na ndiyo sababu ile karatasi imemwacha.

Tena Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu ya mwaka 868, ambaye husimuliwa kwamba babu yake alikuwa mweusi, aliandika risala nzima ya kuwapa weusi fahari yao, na Wazanji wa pwani hii wamo. Ajabu ni kwamba katika hisabu yake weusi walikuwa wengi mno: aliwatia Wahabeshi na Wanuba na hata Wahindi. Mwaka 869 watumwa Wazanji waliokuwa wakichimba chumvi mashamba ya Basra wakaasi, na vita vyao havikwisha mpaka 883.

Hapa ndipo penye maneno yetu makubwa. Jina la Mweusi halikutoka katika ngozi peke yake. Haiti walijikomboa kwa Wafaransa na kutangaza uhuru wao tarehe 1 Januari 1804. Katika katiba yao ya 1805 waliandika kwamba kila mtu wa Haiti, rangi yake iwayo yo yote, tangu hapo atajulikana kwa jina la Mweusi. Na walikuwamo Wapolandi! Wazungu walioletwa katika jeshi la Ufaransa kuwapiga watumwa, wengine wakageuka wakaungana na watumwa. Nao wakaruhusiwa kukaa na kumiliki ardhi, na kwa katiba wakaitwa Weusi. Jina lililokuwa la kuuzia watu likawa jina la raia. Watu wa Trinidad na Jamaica na Marekani walifuata njia hiyo: Henry Sylvester Williams alipouitisha mkutano wa London mwaka 1900, na Marcus Garvey alipoanzisha jumuiya yake mwaka 1914, na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta walipokutana na wenzao Manchester mwezi wa Oktoba 1945. Hao hawakuwa wa kabila moja wala lugha moja, na wengi wasingeweza kusema babu zao walitoka bandari gani. Waliunganishwa na kutendwa jambo moja, na kukataa kutendwa tena.

Walakini jina lililomvua mtu minyororo laweza kushikwa kwa ncha nyingine likawa panga. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwezi wa Juni 1961 watu 68 walikufa katika ghasia za uchaguzi. Mwezi wa Januari 1964 waliuawa maelfu, na wengi waliuawa kwa sababu ya jina la kabila, mtu akiulizwa baba yake nani, na mama yake mweusi amesimama pale pale mlangoni analia. Hakuulizwa yeye. Waliokimbilia Oman, na waliokwenda baada ya 1970 milango ilipofunguliwa, wakafika Maskati wakaambiwa kwamba wao si Waarabu kamili: wao ni Wazanzibari, Kiarabu chao kibovu na nyumbani mwao hunena Kiswahili. Huku walifukuzwa kwa Uarabu na kule wakachekwa kwa Uafrika. Na Kiswahili chao hicho, mpaka leo, wajukuu hukisikia kwa mabibi.

Na mambo hayo hayakuzikwa. Katika sherehe za Januari 2016 lilibebwa bango la kuwafukuza machotara. Likalaumiwa baadaye, lakini lilikwisha kubebwa. Na upande wetu wenyewe, msikae mkitabasamu: mara ngapi tumesikia mwanachama akimwita mchuuzi aliyetoka Tanga au Lindi kwa jina la kumdharau, ati chogo? Mtu huyo amekuja na kapu la vitunguu kama walivyokuja wa zamani na mikeka na vitambaa, na mama yake na mama yako huenda walikuwa majirani. Chama hakiwezi kulaani bango la mwenzake na huku kikacheka tusi la baraza yake. Tumelisema hili mbele ya Kamati kabla ya leo, na hatukupendeza. Twalisema tena.

Mwenyekiti ametupa ishara kwamba muda umekwisha, na adhana ya alasiri imekaribia. Limebaki jambo moja la kazi. Katibu ana daftari jipya, kurasa mia moja na tisini na mbili, limelipiwa na tawi. Kila mwenye karatasi ya nasaba nyumbani kwake aende kwa bibi yake, au shangazi, au kungwi wa mtaa aliyebaki, amwulize majina ya kina mama: nani alimzaa nani, alitoka wapi, na kama aliletwa, aliletwa na nani. Wazee wa miaka themanini na tisini si wengi tena, na kila msimu wa baridi hutupunguzia. Wasiojua kuandika waje dukani kwetu baada ya sala ya isha, tutawaandikia. Wasiotaka jina la nyumba yao lionekane, tutaandika jina la mama peke yake. Daftari litafunguliwa Jumatatu.